Wifi Imekatika

Miguu ilibaki nje. Boila ilikuwa imeshammeza Baba Mdogo mpaka magotini, na nyayo zake mbili zilinitazama usoni kama watu waliokuja kudai jibu. Alikuwa haingii na viatu. Alivivua akaviweka sambamba sakafuni, kama mtu anayeingia chumba cha mgonjwa, halafu akatanguliza mkono, kichwa, mkono wa pili. Nikachomoa njiti ya ufagio, nikaipitisha polepole kwenye unyayo wa kushoto.

Sauti ilitoka ndani, nzito, kama inapita kwenye bomba.

"Rudia uone. Nikitoka nakuingiza wewe."

Sikurudia. Katika vitisho vyote nilivyowahi kupewa, na nimepewa vingi, hicho peke yake ndicho kilichonishika, na yeye alijua kwa nini.

Niliwahi kuingia mara moja. Ilikuwa wiki yangu ya kwanza kwenye kile kiwanda cha kufua mashuka ya hospitali na hoteli, ambako Baba Mdogo, mdogo wake baba yangu, alikuwa mtu wa boila kwa miaka ishirini na kitu. Mdomo wa boila ni tundu la umbo la yai, liko mbele, usawa wa kifua, upana wake kama sinia ya chai. Ukishapita hapo unalala kifudifudi juu ya chuma cha chini, na mabomba ya moshi yamejipanga juu ya kisogo chako, hamsini na zaidi. Huwezi kukaa. Hata kujikuna unafikiria kwanza. Nilifika kiunoni, nikasikia pumzi yangu mwenyewe inanirudia masikioni, nikatoka kinyumenyume kwa kasi iliyoondoka na vifungo viwili vya shati. Nikawaambia watu wa zamu kwamba mabega yangu ni mapana, hayapiti. Baba Mdogo, ambaye mabega yake yaliyazidi yangu kwa shubiri nzima, akayatazama kama fundi cherehani anayepima.

"Kweli," akasema. "Hayo hayapiti."

Akavua viatu.

Nilikuwa na miaka ishirini na nne na robo tatu ya digrii. Miaka mitatu ya uhandisi wa mitambo niliimaliza vizuri. Wa nne ulinishinda asubuhi moja ya mtihani, nilipobandika mlangoni karatasi safi yenye nembo, inayosema mtihani umesogezwa mpaka kesho saa tatu. Watu hamsini na mmoja walirudi kulala. Kamati ya nidhamu haikucheka. Walinipa mwaka mzima nikae nyumbani nifikirie, na nilipofikiria nikaona sirudi. Kiwandani, Karani wa ofisi alisoma barua yangu ya kuomba kazi mpaka mwisho, akavua miwani, akasema, "Kwa hiyo wewe ni Robo Tatu." Jina likanata. Hata meneja alilitumia, na sidhani kama alijua lingine.

Kazi ya boila, kwa asiyeijua, ni kama kazi ya birika. Angalia ndani ya birika la kwenu: ule weupe uliogandia chini ndio huo huo. Maji yanakuja na chokaa na vumbi, yanachemka, mvuke unaenda zake kupasha mashine za pasi, uchafu unabaki. Kwanza ni mashapo, tope jepesi tu. Likiachwa likapikwa linakuwa ukoko. Na ukoko wa wali watoto wanaugombania, ila wa boila hakuna anayeutaka, kwa sababu chuma kilichofunikwa na ukoko hakipati maji, kinapata moto tu, na chuma kinachopata moto tu siku moja kinatumbuka. Kwa hiyo kila miezi mitatu boila ilizimwa, ikapoa siku mbili, na Baba Mdogo akaingia na patasi na nyundo kubandua. Saa nne, wakati mwingine tano, kwenye vumbi la chokaa. Akitoka alikuwa mweupe kama aliyeangukia gunia la unga, na wiki tatu zilizofuata nyumba nzima ililala kwa zamu kwa sababu ya kikohozi chake.

Daktari wa zahanati alimpiga picha ya kifua, akaiinua dirishani, akaitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Akasema, akiingia tena mle mara nyingi, msiniletee mimi.

Jioni hiyo Mama Mdogo, mke wake, alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho.

"Wewe si umesoma?"

"Kiasi, Mama Mdogo."

"Basi nitafutie kitu kiingie mle badala yake."

"Kitu gani?"

"Ningekijua ningekuuliza?"

Nilimletea kitu. Ilinichukua miezi minne, na katika maisha yangu yote ndiyo kazi pekee niliyoianza nikaifikisha. Nilichukua shafti mbili, vile vyuma virefu vya kuzungushia ngoma, za mashine za kufulia zilizokufa, nikaziunga. Nikapanga juu yake vibapa vya chuma, kila kimoja shubiri moja, na kila kibapa nikakitundikia vipande vya mnyororo wa baiskeli. Shafti ililala chini kabisa ya boila, urefu wake wote, ikatokeza mbele kupitia tundu nililolitoboa kwenye mfuniko wa mdomo, tundu lenyewe likasokotwa kamba yenye grisi ili maji yasivuje. Nje kulikuwa na mkono wa kuzungusha, kama wa mashine ya kusagia nyama. Asubuhi, kabla mvuke haujapanda, mimi nazungusha mara arobaini, Baba Mdogo yuko nyuma anafungua koki ya tope. Mashapo yaliyokuwa yametulia yanaamka na kutoka, mazito, rangi ya uji wa mgonjwa. Yakitoka leo, kesho hayawi ukoko.

Siku ya kwanza yalitoka ndoo nne. Fundi wa kuchomelea, aliyeniunganishia shafti, alisimama pale na miwani yake nyeusi kichwani, akatikisa kichwa. "Hiki kitu kitakoroga mpaka madhambi."

Nyumbani nilieleza wakati wa chai. Kinaingia ndani ya nyumba ya watu, nikasema, kinakoroga yaliyotulia, halafu uchafu wote unatokea mlango wa nyuma.

"Huyo ni wifi yangu," alisema Mama Mdogo.

Baba Mdogo, ambaye wifi anayesemwa ni dada yake wa kuzaliwa, alipaliwa. Lakini hakubisha. Shangazi alikuwa akija kwetu siku mbili, na akiondoka watu hawasemeshani mwezi mzima. Basi kuanzia hapo mtambo ukaitwa Wifi, na kwa kuwa ni wifi, tukamsema kama mtu. Wifi ameamka. Wifi ametapika. Wifi anadai grisi. Mkaguzi wa serikali alipokuja na nyundo yake ndogo akauliza hiki ni nini, Baba Mdogo alijibu, "Wifi, mzee," na mkaguzi akaandika.

Kikohozi kilipungua. Hakikuisha, kikawa cha hapa na pale, na daktari akasema kifua kilichozeeka kina mambo yake. Mama Mdogo akaanza kunipakulia kwanza.

Mwaka wa tatu meneja akaleta wifi mwingine. Huyu alikuwa wa ukutani, wa intaneti, mwenye taa tatu za kijani. Swichi yake iliwekwa kwenye chumba cha swichi, kwenye ubao uleule wenye swichi ya pampu, ya mashine za pasi na ya kichomeo cha boila. Ufunguo wa chumba hicho alikuwa nao Karani, na kila asubuhi ndiye aliyepita akiwasha moja moja, kama mtu anayeamsha watoto.

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Wifi wawili chini ya paa moja. Nilibandika karatasi kwenye mlango wa chumba cha swichi: WIFI AMETAPIKA NDOO TATU, MJULISHENI MENEJA. Meneja akawapigia watu wa intaneti. Wiki iliyofuata: WIFI ANAUMWA KIUNO. Kisha: WIFI AMENUNA, ASIULIZWE KITU. Karani alizibandua, akazisahihisha nukta na mikato kwa kalamu nyekundu, akazitunza kwenye droo. Aliwahi kuniambia kwamba angenipa alama za juu kwenye insha, lakini tabia angeiacha wazi.

Ijumaa moja asubuhi mkono wa Wifi ukawa mwepesi. Nilikuwa kwenye mzunguko wa kumi na kitu, nikasikia kitu kinasema *tak* mbali huko ndani, na mkono ukaanza kuzunguka kama wa kuchezea. Pale tulipounga shafti palikuwa pameachia. Nusu ya nyuma ilikuwa imebaki mle, imelala karibu na tundu la kutolea tope, na ikiburuzwa na maji mpaka pale italiziba.

Hatukumwambia mtu. Meneja akiambiwa kitu kimekatika, swali lake la kwanza lilikuwa nani kakikata. Tulimaliza siku na mvuke kama kawaida, jioni tukazima, tukafungua maji yote yatoke. Jumamosi na Jumapili kiwanda kilifungwa; hiyo Jumapili, chuma kimebaki na uvuguvugu tu, tukafungua mfuniko. Nikachomoa nusu ya mbele. Mdomo ukabaki wazi, mweusi.

"Leo naingia mimi," nilisema.

Baba Mdogo alishainama. Alikuwa anafungua kamba za viatu.

"Wewe kaa mdomoni. Ongea."

Ndiyo ilikuwa desturi ya kazi: aliye ndani lazima awe na mtu mdomoni wa kuongea naye. Wa nje akinyamaza, wa ndani atoke. Wa ndani akinyamaza, wa nje aingie. Kulikuwa na desturi nyingine, kubwa zaidi: kabla ya mtu kuingia, koki ya mafuta ya kichomeo ifungwe. Lakini koki ile ilikuwa imekaza kiasi kwamba kuifunga kulitaka watu wawili na spana ndefu kama mguu wa mtu, na kuifungua tena vilevile, basi kwa miaka tulikuwa tumeizoea kuiacha. Tulizima swichi tu, tukabandika karatasi. Kulikuwa na boya la kuzuia moto usishike kama maji hayamo. Hilo lilifungwa waya kabla mimi sijafika, kwa kuwa lilikuwa linazima moto hovyo.

Karatasi niliandika mimi. Hapa nataka niwe mwangalifu, kwa sababu nimeisimulia sehemu hii mara nyingi na kila mara nimejipunguzia kidogo. Baba Mdogo alikuwa anaingia mle kwa mara ya kwanza tangu nimtengenezee mtambo wa kumzuia asiingie. Moyo wangu haukuwa na utani. Niliamua kwamba leo naandika kama mtu mzima, na mtu mzima hasemi chuma kama anasema shangazi yake. Chuma ni kitu. Nikaandika kwa herufi kubwa, zilizonyooka:

WIFI IMEKATIKA. USIWASHE.

Nikaweka na tarehe, nikaibandika kwenye mlango wa chumba cha swichi.

Baba Mdogo aliingia upesi kuliko nilivyotegemea. Alisahau taa, nilipoisukuma kwa fimbo ikamfuata alikuwa ameshafika mwisho, kama mtu anayekwenda kitandani kwake gizani. Nikakaa mdomoni nikaongea.

"Nje kuna nini?" aliuliza.

"Njiwa wawili. Wanagombana."

"Nani kaanza?"

"Mke."

"Hapo umeongeza."

"Basi mume. Na mke ndiye aliyemaliza."

Alicheka, nyundo ikagonga, ikanyamaza, ikagonga. Akasema shafti imenasa kwenye kiungo, angeilegeza taratibu. Nikamweleza kuhusu mwenye hoteli aliyerudisha mashuka akidai yamefuliwa mno. Ilikuwa saa nne asubuhi. Wakati huo huo, upande wa pili wa uwanja, mtu alikuwa anafungua chumba cha swichi, na sisi hatukumsikia. Hospitali ilikuwa imeishiwa mashuka. Meneja alikuwa amempigia Karani nyumbani: fungua, washa, wapiga pasi wanakuja saa sita.

Feni ya kichomeo ilianza.

Kichomeo kile kikiwashwa hakishiki moto hapo hapo. Feni inapuliza kwanza, kusafisha gesi, sekunde arobaini, halafu ndipo mafuta yanaingia na cheche inapigwa. Na moto wake unawaka chini ya boila, chini ya bamba lile lile ambalo Baba Mdogo alikuwa amelilalia tumbo.

"Baba Mdogo, toka. Kichomeo kimewashwa."

"Mwambie apulize. Kuna joto humu."

"Nasema kweli. Feni inazunguka."

"Na Karani yuko juu ya bomba anaimba."

Siwezi kumlaumu. Nimekaa mdomoni pale mara nyingi zamani, na sijui mara ngapi nilimwambia moto umeshika, toka. Mara moja alitoka kweli, mweupe, kapoteza patasi, akanikuta nakunywa chai. Masikio yake nayo yalikuwa ya mtu wa boila. Ngurumo ya feni, kwake, ilikuwa ni kimya tu.

"Naapa," nilisema.

"Hata mwaka ule uliapa."

Nilipiga hesabu. Chumba cha swichi kiko ng'ambo ya uwanja, nikikimbia ni nusu dakika kufika, na mlango Karani huwa anaufunga akitoka. Koki ya mafuta ni watu wawili. Sekunde kama kumi zilikuwa zimeshaondoka. Hiyo ndiyo hesabu ya uhandisi niliyoifanya kwa haraka kuliko zote, na jibu lake lilikuwa tundu la umbo la yai.

Mkono, kichwa, mkono wa pili. Sikumbuki ujasiri wowote. Nakumbuka harufu, kama ya ukuta uliopakwa chokaa mvua ikinyesha. Nakumbuka pumzi ilianza kunirudia masikioni pale pale iliponirudia mwanzo, na kwamba nilipita hapo kwa sababu viwiko vyangu viliendelea kwenda bila kuniuliza. Mbele kulikuwa na mwanga wa taa, na mbele ya mwanga nyayo mbili. Nikajivuta, nikanyoosha mkono, nikakamata kisigino.

"Wewe na njiti yako," alisema Baba Mdogo, huku akicheka.

Halafu akaacha kucheka. Alikuwa mwisho wa boila. Nilisikia ukimya wake ukipima urefu wa mkono wangu, kutoka mdomoni mpaka pale, na kuuona hautoshi.

"Uko ndani?"

"Niko ndani."

"Rudi nyuma," alisema, kwa sauti ambayo mtu huitumia kuomba chumvi. "Usiinue kichwa. Mimi nakufuata."

Nilikuwa nimemzibia njia, hilo sikuwa nimelihesabu. Ilibidi mimi nitoke kwanza, kinyumenyume, na yeye anifuate kinyumenyume, miguu yake ikinigonga mikono. Katikati ya njia moto ukashika. Sauti yake ukiwa nje ni ngurumo. Ukiwa ndani ni kama mtu amekung'uta turubai kubwa chini ya tumbo lako. Chuma kilikuwa cha vuguvugu. Kikawa cha joto. Kikawa kitu ambacho mkono unakigusa na kujiondokea wenyewe. Miguu yangu ikapata hewa, nikaanguka sakafuni, nikageuka, nikashika vifundo vyake nikavuta kwa nguvu zote, na Baba Mdogo akatoka kinyume cha alivyoingia, miguu kwanza, ngozi ya magoti na viganja imebaki mle.

Hakukaa chini. Alichukua spana ndefu, peku, akaenda nyuma kwenye koki ya mafuta, akaiweka, akaniangalia. Tukaisukuma wawili. Ilikataa, ikakataa, ikalia, ikageuka. Moto ukafa.

Tulikuwa bado tumeishika spana Karani alipoingia, mkoba begani, nguo za Jumapili.

"Mbona moto umezima?" aliuliza. Kisha akaona mdomo wa boila ulivyo wazi, na viatu viwili sambamba sakafuni, na magoti ya mwenye viatu.

Alikaa juu ya kreti ya sabuni.

"Nilisoma karatasi," alisema. "Msidhani sikusoma. Wifi sikuiwasha. Meneja kanipigia mara mbili anataka barua pepe, nikamwambia Robo Tatu kasema isiwashwe."

"Nilimaanisha huyu," nilisema, nikaonyesha nusu ya shafti iliyolala ukutani.

"Huyo huwa ni *a*." Alisema polepole, kama anayenisahihishia kwa kalamu nyekundu. "Ametapika. Anaumwa. Amenuna. Ninazo zote kwenye droo. Hii ilikuwa *i*. Nikajua leo huna utani."

Baba Mdogo alikuwa anapulizia viganja vyake, kimoja baada ya kingine.

"Kasema kweli," alisema. "Hakuwa na utani."

Meneja alifanya kikao. Koki mpya ikanunuliwa, boya likafunguliwa waya, na ikapigwa marufuku kubandika karatasi yoyote isiyo na muhuri. Mama Mdogo aliambiwa ni bomba la moto limeguswa kwa bahati mbaya. Alimfunga bandeji magoti yote mawili, akaniangalia viwiko, navyo akavifunga. Wiki hiyo chakula nilipakuliwa mwisho.

Nusu ya Wifi ilikuwa bado ndani.

Baada ya siku kumi Baba Mdogo aliweza kutembea lakini si kutambaa. Tulizima, tukasubiri ipoe, tukafunga koki mpya, ambayo ilifungwa kwa vidole viwili. Aliweka kiti mbele ya mdomo, akakaa, ufunguo wa chumba cha swichi mfukoni mwake. Hakuna aliyetaja mabega. Niliingia.

Siwezi kusema niliizoea. Lakini safari hii nilikuwa na nafasi ya kutazama, na nilichokiona kilinifurahisha, mpaka nikasahau kuogopa. Bamba la chini lilikuwa safi. Rangi yake halisi ilionekana, nyeusi yenye bluu, na mikwaruzo ya minyororo yangu imepita juu yake kama mawimbi ya chanuo kwenye nywele. Mita moja safi. Mbili. Tatu. Niliitazama kazi ya Wifi kwa urefu wote huo, nikajisikia kama mtu aliyemaliza shule.

Kisha vibapa vikaisha.

Shafti haikufika ukutani. Nilipoipima, miaka mitatu nyuma, niliipima mfuniko ukiwa wazi. Sikuhesabu unene wa mfuniko, wala tundu, wala ile kamba ya grisi. Vyote hivyo vilikuwa vimekula shubiri mbili. Shubiri mbili za mwisho, kwenye kona, kuzunguka tundu lenyewe la kutolea tope, mahali ambapo mashapo yanapenda kulala kuliko pengine popote, Wifi hakuwahi kupagusa hata siku moja. Ukoko wa miaka mitatu hapo ulitakiwa uwe mnene kama tofali. Tundu lilitakiwa liwe limeziba mwaka wa kwanza tu.

Ulikuwa mwembamba kama ukucha. Na bamba lote la kona ile lilikuwa na alama za patasi. Nilisogeza taa. Alama nyingine zilikuwa za zamani, kingo zimeshapata weupe. Nyingine juu yake, za kati. Nyingine mpya, zinang'aa.

Kila mwaka, kabla ya mkaguzi kuja, boila ilifunguliwa. Kila mwaka siku hiyo Baba Mdogo alinituma mjini, mbali, nikatafute gasketi ya saizi ambayo duka la jirani lilikuwa nayo, na mimi sikuuliza kwa sababu nilifurahi kuwa mbali na lile tundu. Na kulikuwa na sikukuu, kiwanda kimefungwa siku tatu nne, na yeye akisema anapita kazini mara moja kuangalia maji. Nani alikaa mdomoni akiongea naye, sijui. Nadhani hakukuwa na mtu.

"Mbona kimya?" ilisema sauti ya nje.

"Natazama."

"Tazama huku unaongea."

Nikamwambia nafunga kamba. Nikaifunga kwenye nusu ya shafti, nikailegeza pale iliponasa, nikarudi nyuma nikiivuta. Nilipotoka alinipa maji kwenye kikombe cha bati, akasubiri ninywe yote. Tukailaza ile nusu sakafuni, tukaiunganisha na mwenzake, kichwa kwa kichwa, tukasimama tunaitazama kama watu wanaotazama nyoka aliyekufa.

"Mpya itabidi iwe ndefu zaidi," nilisema. "Kama shubiri mbili."

Baba Mdogo alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, kwa sababu ya ngozi mpya.

"Kwa nini? Ile ilikuwa fupi?"

"Kidogo."

Aliendelea kufuta.

"Kidogo tu," alisema, kikohozi kikamshika, akageukia ukutani mpaka kikapita.